Kofia ya Vito na Habari za Bandari

Leo sikutoka nyumbani. Kusi lilikuwa likivuma tangu alfajiri, na kwa kuwa sikuwa na zamu kazini niliketi uani, penye mwanga mzuri, nikaendelea na kofia ya vito ninayomshonea baba. Kazi hii haitaki haraka. Kitambaa cheupe huwekwa tabaka mbili, maua huchorwa juu yake, kisha kila kitundu hutobolewa na kuzungushiwa uzi mpaka kingo zake zikaze. Kofia iliyoshonwa vyema huweza kuchukua miezi. Mama, ambaye ndiye aliyenifundisha, hupita na kugeuza kazi yangu upande wa ndani kabla ya kuitazama nje, kwa sababu anasema uvivu wa mshonaji hujificha huko.

Baba alikuwa kando yetu na redio yake. Aliyatumia maisha yake kuvua kwa madema na nyavu katika Ghuba ya Manda, na habari za Bandari ya Lamu, iliyojengwa katika ghuba hiyo, hazimpiti. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, upande wa Kililana, baada ya mkondo kuchimbwa ili meli kubwa zipite. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ilikuwa imekwisha kuamua kwamba haki za wakazi zilikiukwa, ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Hukumu ile ilitupa heshima, kwa maana iliandika wazi kwamba uvuvi ni sehemu ya utamaduni wetu na kwamba tulistahili kuelezwa na kushirikishwa kabla ya mradi kuanza.

Mwanangu, anayemaliza shule mwaka huu, alimuuliza babu yake kwa nini wavuvi wasiende tu kuvua mbali zaidi.

“Mjukuu wangu,” baba akamjibu, “wakati wa kusi nje ya miamba hapaingiliki kwa mashua ndogo. Humu ndani ndimo tulimokuwa tukipatia riziki miezi hiyo.”

Nadhani jibu hilo lina uzito kuliko taarifa nyingi ninazosikia. Watu husema mvuvi apewe boti kubwa na injini, jambo hilo liishe. Lakini boti ya bahari kuu huhitaji mafuta kila safari, barafu ya kuhifadhi samaki, fundi wa injini, na nahodha anayejua kuisoma bahari ambayo baba, pamoja na ujuzi wake wote, hakuizoea. Ujuzi wa mikondo, mikoko na maji kujaa na kupwa, ambao yeye aliupokea kwa babu yake, ni mali ya mahali pamoja, wala hauhamishwi kwa kutia saini hati ya malipo.

Mimi siipingi bandari. Mwanangu anatamani kuajiriwa pale, nami namwombea apate. Mama, ambaye huzungumza machache kuhusu siasa, alitukumbusha leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa hapa Lamu, iliyofutwa mwaka 2019 baada ya wakazi kusimama kidete, akasema anayenyamaza huamuliwa. Kisha akaenda kukamua nazi ya wali, na mazungumzo yakahamia kwenye chakula.

Jioni baba aliniomba nimwandikie hoja zake kwa ajili ya kikao cha wavuvi, maana macho yake hayamsaidii tena. Nimezinakili kama alivyozisema: vijana wa familia za wavuvi wafundishwe ufundi wa injini na unahodha kabla boti hazijagawiwa, kiwepo chumba cha barafu karibu na wanakoshusha samaki, na wavuvi wazee waulizwe ni wapi mashua ndogo zinaweza kuvua salama wakati wa kusi, kisha sehemu hizo zilindwe.