Ndago ya Bibi

Mafuta yalinimwagikia Ramadhani ya mwaka 1996, nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, dakika chache kabla ya adhana ya magharibi. Mama alikuwa uani anakaanga kachori za futari. Mimi namfukuza mdogo wangu, nikajikwaa kwenye jiko, karai likapinduka. Mguu wa kulia wote, toka chini ya goti hadi kifundoni. Jirani mmoja alikuja mbio na dawa ya meno, mwingine na unga wa ngano. Mama aliwazuia wote wawili, akanimiminia maji ya bomba ndoo baada ya ndoo, mimi nalia, adhana inaita, na hakuna aliyekumbuka tende. Mpaka leo namshukuru kwa maji yale.

Wiki tatu zilipita kidonda hakijafunga. Pembezoni kilikuwa kinajivuta kidogo, katikati nyama ilibaki mbichi, na kila shashi ilipobanduliwa damu ilitoka upya. Ndipo daktari wa upasuaji akawaita Mama na Bibi. Akasema atachukua ngozi pajani, aipandikize mguuni.

Bibi alikuwa ametoka shambani kwake Tongoni siku hiyohiyo, bado amejifunga leso ya shamba. Akamsikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusikia mwanangu. Lakini mtoto ana kidonda kimoja kisichopona. Wewe unataka kumchuna paja, awe na viwili?"

Daktari hakuona kama amedharauliwa. Alivuta kiti akakaa mbele yake. Akaeleza kwamba mafuta yameiunguza ngozi ya mguu mpaka chini kabisa. Ndani ya ngozi, alisema, kuna vishimo vinakoota malaika na vijitezi vinakotoka jasho, na humo ndimo zinamokaa seli zinazozaa ngozi mpya. Mguuni zimekufa zote, ndiyo maana ngozi inajikokota kutoka pembeni peke yake. Pajani atachuna utando usiofika unene wa nusu milimita. Vile vishimo vitabaki. Kutoka kila kishimo ngozi itatambaa, itakutana na jirani yake, na kwa wiki mbili hivi paja litakuwa limejifunika lenyewe.

Bibi alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Basi mguuni ni mnazi uliokatwa kilele. Pajani ni ndago."

"Ndago hasa, Bibi."

Sijapata kusikia maelezo bora kuliko hayo, na nimesoma mengi tangu hapo. Mnazi una kilele kimoja tu, ukikikata umeuua. Ndago unaifyeka leo, keshokutwa imechomoza, kwa sababu uhai wake uko chini ya jembe.

Nilipigwa nusu kaputi asubuhi. Nilipozinduka, kilichouma kilikuwa paja, si mguu. Hilo halisemwi vya kutosha kwa wagonjwa: pale palipochunwa panawaka kuliko pale palipotiwa kiraka. Mguu ulifungwa usitikisike. Siku mbili za mwanzo ngozi iliyohamishwa haina damu yake, inaishi kwa kunyonya majimaji ya kidonda, mpaka mishipa midogo ianze kuungana. Ukiisogeza, mishipa inakatika nayo inakufa. Mama alilala kando ya kitanda changu usiku zote hizo, mkono wake juu ya kifundo changu ili nisigeuke. Siku ya tano bandeji ilifunguliwa. Kiraka kilikuwa na rangi ya waridi. Nesi akakibonyeza kwa kidole, kikapauka, kisha rangi ikarudi.

Nilipokuwa mtu mzima nilisoma kwamba mwaka 1975 James Rheinwald na Howard Green, nchini Marekani, walifaulu kuotesha seli za ngozi ya binadamu katika maabara. Mwaka 1983, huko Boston, ndugu wawili, watoto wadogo walioungua zaidi ya asilimia 95 ya mwili, walifunikwa kwa ngozi iliyooteshwa kutoka kipande kidogo cha ngozi yao wenyewe. Hawakuwa na paja la kuchunwa. Nilisoma habari ile mara tatu, na kila mara niliiona sura ya Bibi. Ngozi ya namna hiyo ni nyembamba mno, na haina vishimo vile vya malaika na jasho. Wataalamu bado wanahangaika kuvirudisha. Mimi nalijua pengo hilo kwa mguu wangu. Katika joto la Tanga mwili wote unalowa, kiraka changu kinabaki kikavu, na kila usiku nakipaka mafuta ya nazi kisipasuke. Natamani sana kazi hiyo ya maabara iwafikie watoto wa uani kwetu, maana wapo wanaoungua hata mapaja.

Paja lilifunguliwa siku ya kumi na nne. Daktari hakuivuta shashi. Ilikuwa imeanza kujiachia yenyewe, kavu kama gome, akawa anakata kwa mkasi pale tu ilipoinuka. Chini yake palikuwa na ngozi laini, yenye wekundu. Bibi aliomba ruhusa aguse. Akapitisha kidole polepole, toka juu hadi chini, akamgeukia Mama.

"Imeota," akasema. "Yote."