Siku ya Kutuma Wageni Kericho, Kutoka Malindi

Saa 12 asubuhi. Simu ya kwanza ni ya mwenyeji wa shamba la chai huko Kericho. La kumuuliza kabla ya yote: kipande kipi kitachumwa keshokutwa? Mchai ukishachumwa huachwa siku 7 hadi 14 uchipue tena. Wageni wakifika kesho yake, watakuta kijani kitupu, hakuna mchumaji. Miadi huwekwa ya asubuhi, kwani Kericho mvua hupenda kunyesha mchana, mara nyingine ya mawe.

Saa 2. Tiketi za treni ya usiku, Mombasa hadi Nairobi, kwa simu: *639#. Nambari za vitambulisho husomwa moja moja kwa sauti. Tarakimu moja ikikosewa, mtu hukwama mlangoni.

Saa 4. Mizigo, na hapa ndipo safari nyingi huharibikia. Kericho iko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na usiku baridi yaweza kushuka hadi nyuzi 10. Kila mtu abebe sweta mbili, soksi jozi tatu, koti la mvua na viatu vya kufunga. Kandambili hazifai: udongo ule ukilowa huteleza kama sabuni. Umande wa michai nao hulowesha hadi kiunoni, ndiyo maana wachumaji hujifunga karatasi za plastiki. Kina mama wenye buibui refu walipandishe na kulifunga kwa leso, lisinaswe na matawi.

Anayetaka kupika pilau kule ajue kwamba maji huchemka kwenye nyuzi kama 93, si 100. Mchele huchelewa kuiva. Aongeze maji na asiharakishe moto.

Saa 8 mchana, baada ya adhuhuri. Kikao na wasafiri. Wenyeji wa Kericho ni Wakipsigis, na salamu yao ni "Chamgei". Mgeni huenda akakaribishwa mursik: maziwa yaliyochemshwa yakapozwa, yakatiwa katika kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa mkaa wa mti uitwao senetwet, yakaachwa siku kadhaa yagande. Rangi ya kijivu ni ya mkaa, si uchafu. Mwenye kuhofia tumbo lake apige funda moja na kushukuru. Kusukuma kikombe ni kumvunja mwenyeji heshima. Picha, baada ya ruhusa.

Ardhi isizungumzwe kwa mzaha. Sehemu kubwa ya mashamba yale ilitwaliwa na wakoloni, na mwaka 1934 ukoo wa Talai, mmojawapo wa koo za Wakipsigis, ulifukuzwa ukapelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria. Wazee wangali na uchungu huo, na wakiamua kuueleza, wasikilizwe hadi mwisho.

Kisha kuchuma. Huchukuliwa majani mawili na chipukizi lake, yakivunjwa kwa vidole bila kukwanyua. Kikapu hakishindiliwi: majani yakibanwa hupata joto, hugeuka mekundu kabla ya kufika kiwandani, na karani wa mizani huyakataa. Kilo 4 hadi 5 za majani mabichi hutoa kilo 1 tu ya chai kavu, na mchumaji hulipwa kwa kilo. Kwa hiyo kurushiana majani kwa ajili ya picha ni kuchezea ujira wa mtu.

Saa 10 alasiri. Gari linaondoka. Malindi hadi Mombasa ni kilomita 120 hivi, lakini foleni ya Mtwapa haina ratiba. Treni ni ya saa 4 usiku, na kuanza safari saa 11 na nusu ni kubahatisha. Njiani hupishana na malori mengi.

Saa 3 usiku, Miritini, kituo cha treni cha Mombasa. Mizigo hupangwa mstari, mbwa wakainusa, kisha hupita kwenye mashine. Visu vya jikoni vimeshatolewa Malindi. Ukaguzi wa mwisho ni wa sweta: moja ya kila mtu iwe mkononi, isiwe chini ya begi, kwa sababu treni huingia Nairobi kabla ya alfajiri na baridi huanzia pale pale kwenye jukwaa.