Karatasi 11 za ruhusa

Siku bosi aliponiita ofisini kwake nilijua kazi imeisha. Nilikuwa na siku mbili tu tangu nirudi kutoka kuumwa, bado natembea nimeinama kidogo, zipu ya sketi nimeiacha wazi nikaifunika na sweta maana tumbo lilikuwa bado limejaa. Mezani amepanga karatasi zangu za ruhusa ya ugonjwa za mwaka mzima, 11, kwa mstari kama mtu anayepanga karata. Hakusema kitu, akanionyesha tu kwa mkono nisome.

Mi nilikuwa najua kilichoandikwa mle, si mimi ndo nilikuwa natoa hizo sababu. Taifodi. Kipandauso. Nimekula kitu kibaya. Mgongo. Vidonda vya tumbo. Yutiai, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, mara mbili. Na kumbe zote zilikuwa kitu kimoja, nilikuwa kwenye siku zangu, ila nitamwambia nani? Niliwahi kusema ukweli kwa msimamizi mmoja kazi ya kwanza, akanijibu mbona mke wangu naye anapata na asubuhi anaamka anapika. Tangu hapo nikawa nadanganya. Ukisema taifodi unapewa pole, ukisema hedhi unaangaliwa tu.

Bosi akasema, "Mdogo wangu, achana na hayo magonjwa, soma tarehe."

Alikuwa amezizungushia kalamu nyekundu, na katikati ya karatasi na karatasi kaandika idadi ya siku: 28, 27, 28, 30, 28... Nikaanza kulia palepale, nikaomba msamaha, nikasema nimedanganya sitarudia. Akaniacha nilie mpaka nikatulia, alafu akasema kwa sauti ya chini kwamba dada yake alikuwa hivihivi, alikuja kuambiwa ni endometriosisi, ugonjwa wa uzazi, akiwa na miaka 38, ameshahangaika kutafuta mtoto mpaka amechoka. "Zichukue umpelekee daktari wa wanawake. Usiende na maneno matupu, nenda na hizi."

Hospitali nilikuwa nimeenda sana jamani. Maumivu yalianza nikiwa na miaka 15 na hapo nina 26. Wanapima mkojo, wananipa antibayotiki, narudi nyumbani. Ultrasaundi tatu zote majibu kawaida. Shangazi yangu, ambaye ananipenda kweli, alikuwa anasema hilo chango tu mwanangu, ukizaa litaisha. Nilifika mahali nikaamini mimi ni mwoga wa maumivu, na hilo ndo linaniuma mpaka leo kuliko hata tumbo lenyewe. Sikujua kwamba ultrasaundi inaweza kutoka safi na ugonjwa upo, kwamba tishu zinazofanana na utando wa ndani ya mfuko wa uzazi zinaota nje yake, kwenye ovari, kwenye utumbo, na vile vidogovidogo picha mara nyingi haivioni.

Yule daktari alizitandaza karatasi upya, akazisoma zote bila haraka, kisha akaniuliza swali ambalo miaka 11 hakuna aliyeniuliza: ukiwa kwenye siku zako, kwenda haja kubwa kunauma?

Nikanyamaza. Kulikuwa kunauma kama nimekalia kisu, kiasi kwamba nilikuwa naacha kula siku moja kabla ili nisiende chooni, na nilidhani wanawake wote wanafanya hivyo. Akauliza tendo la ndoa, akauliza maumivu ya kushuka mguuni, kila swali najibu ndiyo, na kila ndiyo machozi yanatoka. Akaniambia wanaoishi na hali hii ni karibu mwanamke 1 kati ya 10 walio kwenye umri wa kuzaa.

Nikafanyiwa laparoskopia, upasuaji wa kuingiza kamera ndogo, matundu matatu madogo tumboni. Walikuta utumbo umeshikamana na nyuma ya mfuko wa uzazi, na ovari ya kushoto ina uvimbe uliojaa damu nzito ya zamani, rangi kama chokoleti. Sehemu kubwa ya hizo tishu wakaiondoa. Daktari hakunificha, akasema ugonjwa huu unaweza kurudi, dawa za homoni ni za kuutuliza tu.

Nilipoomba ruhusa ya kupumzika baada ya upasuaji ikawa karatasi ya 12. Kwenye sababu niliandika jina lenyewe, herufi moja moja, refu mpaka likatoka nje ya mstari. Bosi akalisoma, akasaini.