Soli ya pauni 90

Nilipeleka mabuti yangu kwa fundi mwenye kibanda karibu na kituo cha treni, hapa katikati ya Uingereza ninapofanya kazi ya ghala, naye baada ya kuyageuza mara moja tu akaniambia kwamba soli mpya pamoja na visigino ni pauni 90, kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayemhurumia maskini, kwamba ingekuwa nafuu niyatupe na kununua mengine. Pauni moja inavuka shilingi elfu 3 za Tanzania. Hesabu iliyobaki fanyeni wenyewe, ninyi mnaojua pale sokoni Mwanjelwa, Mbeya, wanapiga soli kwa kiasi gani. Bei iliniuma, lakini ushauri ule wa kutupa uliniudhi zaidi, kwa maana ngozi ya mabuti yale ni nzima na yalishonwa makusudi ili soli ikiisha ibadilishwe.

Nililipa, kwa shingo upande. Mabuti mapya ya pauni 40 yamejaa madukani, na kila mgeni anayefika hapa huyakimbilia, lakini soli yake imebandikwa kwa gundi tu. Majira ya baridi barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, maji ya chumvi huingia kwenye maungio, na kabla baridi haijaisha soli imeanza kufunuka mbele kama mdomo. Fundi wa hapa hataki hata kuligusa buti la namna hiyo. Wa kwetu angelishona pembeni, na lingetembea, ila matundu ya sindano yangekuwa yanapitisha maji siku nzima, na mvua ya hapa haina ukali wa ile ya Tukuyu lakini haijui kukoma.

Mpwa wangu wa Uyole, ambaye anajiandaa kuja kusoma, ameniuliza: “Mjomba, nije na viatu gani?” Jibu langu limemshangaza, kwa sababu nimemwambia asisubiri kununua huku, bali aende Mwanjelwa siku wanapofungua mabelo ya mitumba, aanze kuyageuza mabuti juu chini kabla ya kutazama rangi.

Anachotakiwa kutafuta ni ukanda mwembamba unaozunguka ukingo wa buti, kati ya ngozi ya juu na soli. Katika buti lililoshonwa kwa njia hii, ngozi ya juu hushonwa kwenye ukanda, na soli nayo hushonwa kwenye ukanda huohuo kwa mshono wa pili, kwa hiyo fundi hukata mshono wa chini peke yake, akaondoa soli na kuweka nyingine bila kuitoboa ngozi. Viwanda vingine huchora nyuzi za uongo juu ya plastiki ili kuwahadaa wanunuzi. Ndiyo maana nasisitiza kugeuza, kwa kuwa uzi wa kweli mara nyingi huonekana pia chini ya soli, ndani ya mfereji wake, au angalau unaweza kuunasa kwa ukucha pale ukingoni.

Mashine ya kushona hivyo ilikamilishwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1870 na Charles Goodyear mdogo, mtoto wa yule ambaye jina lake tunalisoma kwenye matairi. Nazo soli za mpira zenye meno, zinazosifiwa na wapanda milima, zilibuniwa na Mwitaliano Vitale Bramani mwaka 1937, baada ya wenzake sita kufa milimani mwaka 1935, na aliyemsaidia kuzitengeneza ni kampuni ya matairi ya Pirelli. Kwa hiyo anayecheka soli ya tairi ya mafundi wetu hajui anachokicheka.

Mabuti ya milimani yenye soli laini ya sponji mpwa wangu nimemkataza, hata yakiwa mapya kabisa kwa macho, kwani aina hiyo ya soli huoza kwa unyevu hata ikiwa imewekwa tu, na inaweza kumong’oka ghafla ukiwa njiani. Ngozi naye aikunje kwa kidole gumba: ikitoa mikunjo midogo na kurudi, ni nzuri, ikipasuka ngozi ya juu kama rangi ya ukutani, aiache. Achukue yanayobakiza nafasi ya soksi nzito. Anayetoka Makete anaijua sakitu, ile baridi inayogandisha umande. Wengine wataniamini baadaye.

Halafu ayapeleke kwa fundi kabla hajasafiri. Namkumbuka mzee mmoja pale sokoni, mkono mmoja ameuzamisha ndani ya buti hadi kwenye kiwiko, mwingine unasukuma msharasi, ile sindano nene ya fundi viatu, kutoka nje, ananasa uzi wa nailoni uliopakwa nta na kuuvuta mpaka unalia, tundu kwa tundu, bila mashine. Kazi kama ile huku unailipia kama unamlipa daktari. Nami naishi jirani na Northampton, mji wa viatu ambao hata timu yake ya mpira ina jina la utani la mafundi viatu! Viwanda vya huko hupokea mabuti yao ya zamani na kuyajenga upya juu ya kalibu, yaani umbo la mguu, lakini gharama yake huvuka pauni 100, na hata yenye kasoro ndogo wanayoyauza kwa punguzo si ya mshahara wa ghala.

Akifika, afute chumvi kwa kitambaa chenye maji na siki kidogo, apake mafuta ya ngozi, asiyakaushe juu ya hita, na awe na jozi mbili za kupokezana ili moja ikauke. Kisigino abadilishe mapema. Akiiacha soli ilike hadi kwenye ukanda, bei inapanda sana, na hapo hata mimi ningemwambia atupe.

Mkimkuta Mwanjelwa akipekua belo, mwambieni anichagulie na mimi jozi moja, saizi 43, nyeusi au kahawia. Hela ya mabuti na ya fundi nitaituma kwa simu.