Asiyevimba Naye Anaumwa na Mbu

Huku Kisumu ukiamka na vipele mikononi utaambiwa una damu tamu. Mimi nimeambiwa hivyo tangu nilipoolewa, na wa kwanza kuniambia alikuwa mama mkwe kule Ahero. "Nyar Nakuru (yaani binti wa Nakuru), mbu wetu wamekupenda," alisema, huku akinikatia kipande cha limau nijipake. Nilikotoka mji uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, usiku ni baridi, na mbu ni wa kuhesabu. Malaria tuliijua kama ugonjwa wa watu wa ziwa. Kisha nikaja kuishi kando ya ziwa lenyewe.

Baba watoto ni kinyume changu kabisa. Tunalala kitanda kimoja chini ya neti moja, na ikitokea mbu ameponyoka akaingia, asubuhi mimi nina vipele shingoni vya ukubwa wa kunde, yeye hana hata alama. Ndiyo maana joto likizidi hutoa mguu nje ya neti akauacha huko mpaka kunakucha. "Mimi hawanitaki," husema. Maneno hayo yamenisumbua muda mrefu, na yalinisumbua zaidi mwezi wa tano, mvua za masika zilipokuwa zimeshika, kwa sababu katika nyumba yetu aliyepimwa akakutwa na malaria alikuwa yeye.

Nimekuwa nikisoma kuhusu jambo hili kila nipatapo nafasi, watoto wakishalala. Nayaandika hapa kwa sababu najua si nyumba yangu tu yenye mtu wa namna hiyo.

Anayeuma ni mbu jike peke yake. Dume hujilisha kwa maji matamu ya mimea, na jike pia hunywa hayo hayo, ila damu anaihitaji kwa ajili ya protini ya kutengenezea mayai. Safari yake ya kututafuta huanzia kwenye pumzi. Ile hewa ya kaboni tunayoitoa puani humfikia angali mbali, naye huifuata gizani akielekea inakotoka. Akikaribia, harufu ya ngozi ndiyo humwongoza, kisha joto na unyevu wa mwili. Mtu mzima mwenye mwili mkubwa hupumua hewa nyingi kuliko mtoto, basi mara nyingi yeye ndiye hupatikana kwanza.

Lakini pumzi haitoshi kueleza kwa nini watu wawili wenye umbo moja watofautiane. Hapo ndipo ngozi inapoingia. Kila mmoja wetu amebeba bakteria wake ambao hula jasho na mafuta ya ngozi, na kazi yao hiyo ndiyo hutoa harufu tunayotembea nayo. Watafiti wa Uholanzi walichapisha mwaka 2011 kwamba watu wenye bakteria wengi lakini wa aina chache huwavuta mbu wa Anopheles gambiae kuliko wenye mchanganyiko wa aina nyingi. Mbu huyo ndiye anayesambaza malaria kwa kiasi kikubwa Afrika.

Mwaka 2022 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, nao walitoa matokeo yao. Waliwavisha watu soksi za nailoni mikononi ili zinyonye harufu, kisha wakaziweka mbele ya mbu. Yule aliyependwa kuliko wote aliwavuta mbu takriban mara 100 kuliko aliyependwa kidogo kabisa. Waliopendwa sana walikuwa na kiasi kikubwa cha asidi fulani za mafuta kwenye ngozi, na walipopimwa tena baada ya muda mrefu hali ilikuwa ile ile. Mbu waliotumiwa ni Aedes aegypti, yule wa dengi na homa ya manjano, kwa hiyo siyachukui matokeo hayo mazima mazima na kuyaleta Ahero. Hata hivyo yananieleza kwamba mtu hazaliwi upya kwa kubadilisha sabuni. Na London mwaka 2015 walilinganisha mapacha: wale wa kufanana walifanana pia katika kuvuta mbu, kuliko mapacha wasiofanana. Asili ya mtu imo.

Kundi la damu? Wajapani walionyesha mwaka 2004 kwamba mbu aina ya Aedes albopictus walitua zaidi kwa watu wa kundi O kuliko wa kundi A. Ulikuwa utafiti mdogo na wa mbu mwingine, siwezi kuutegemea sana. Na sukari iliyomo ndani ya damu haina harufu ya kumfikia mbu aliye nje ya ngozi. Chai yangu yenye sukari nyingi haina hatia.

Kilichonigusa zaidi ni kwamba sehemu kubwa ya elimu hii imetoka hapa hapa kwetu. Pale Mbita, ng'ambo ya ghuba, kuna kituo cha icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu, ambako Wolfgang Mukabana, Mkenya, na wenzake walilaza wanaume kwenye mahema, kisha wakaivuta hewa ya mahema hayo hadi kwa mbu ili wachague. Matokeo yalitoka mwaka 2002. Mbu walikuwa na chaguo lao, na halikuwa la kubahatisha; walirudi kwa watu wale wale. Mwaka 2004 wakaongeza jambo ambalo sikulitarajia: pumzi ina mambo mawili. Inamwita mbu kwa hewa ya kaboni, lakini pumzi za watu wengine zina kitu cha kumpunguzia hamu. Yaani mtu anaweza kukaribisha mbu kwa ngozi na kumfukuza kwa pumzi.

Nimefika sasa kwa baba watoto na mguu wake.

Mbu akituma mrija wake ndani ya ngozi, kwanza hutema mate. Mate hayo huzuia damu isigande ili anyonye vizuri. Kile kipele na mwasho si jeraha la mrija, ni mwili wetu unayakataa mate. Mwili ambao haujayazoea unaweza kupigana kwa nguvu, ukavimba na kuwasha. Mwili ulioumwa tangu utotoni, usiku baada ya usiku, mara nyingi hunyamaza. Baba watoto amezaliwa kandokando ya mashamba ya mpunga ya Ahero, ambako maji yaliyotulia juani ni malezi ya mbu mwaka mzima. Mwili wake uliacha kulalamika kabla hajaanza shule.

Usiku mmoja stima ilipotea, nikawasha tochi ya simu na kuuangalia ule mguu uliokuwa nje. Juu ya kifundo alikuwepo mbu, amekaa mkao wa Anopheles, kichwa chini na mkia juu, mwili umeinama kama unavyochorwa kwenye mabango ya kliniki. Tumbo lilikuwa linajaa na kuwa jekundu, na nyuma yake kilitoka kitone kidogo cha maji mekundu. Baba watoto hakujitikisa hata kidogo. Nilimwacha mbu amalize na kuruka kwa sababu nilitaka kuona alama itakayobaki. Ilibaki doa dogo jekundu, dogo kuliko ncha ya kalamu, na kabla ya alfajiri lilikuwa limefutika. Asubuhi nilimwambia. Alinyamaza, akauangalia mguu wake, akauliza, "Kweli ulimwona?" Nikamwambia nilimwona mpaka akashiba.

Hilo ndilo ningependa lisikike huku kwetu kuliko habari zote za asidi na bakteria. Kuvimba hakupimi mara ulizoumwa. Na malaria huletwa na mate ya mbu aliyekwisha beba vimelea, awe amekuachia kipele au hakukuachia. Anayewashwa angalau ana sababu ya kushusha neti. Asiyewashwa hana kitu cha kumkumbusha, na nadhani ndiye aliye hatarini.

Mwezi uliopita tulikuwa matangani kwa jirani wa mama mkwe. Wanaojua matanga ya huku wanajua tunavyokesha: hema uwanjani, viti vya plastiki, jenereta, nyimbo, chai ya moto, na wazee wengine pembeni na chupa zao. Nilitazama kwa makini. Karibu kila mtu alikuwa akipiga miguu yake. Si ajabu, kwa maana Anopheles gambiae hupenda kuuma chini, kwenye vifundo na nyayo, hasa mtu akiwa ameketi. Mholanzi Bart Knols alifuatilia jambo hilo miaka ya 1990 mpaka akaonyesha kwamba harufu ya miguu na ya jibini ya Limburger, ambayo hukomazwa na bakteria walio ndugu wa wale wa miguuni, humvuta mbu huyu huyu wetu. Na wale wazee wa pembeni wana mzigo wa ziada. Burkina Faso mwaka 2010 watafiti waliwapa wanaume bia ya kienyeji ya mtama, wengine wakapewa maji. Waliokunywa bia waliwavuta mbu zaidi baada ya kunywa kuliko kabla. Maji hayakubadilisha kitu.

Neti haina kazi hapo hemani. Ndiyo maana siridhiki tukihesabu neti zilizogawanywa kisha tukadhani tumemaliza. Neti moja kwa watu wawili ni jambo jema, imeokoa watoto wengi sana katika kaunti hizi, na Asembo na Gem kule Siaya ni miongoni mwa mahali jambo hilo lilipopimwa vizuri zaidi duniani. Lakini mvuvi wa omena yuko ziwani na taa usiku kucha. Mama wa samaki yuko kwenye jiko lake kando ya barabara hadi saa nne. Bawabu yuko getini.

Kuna watu wawili wengine ninaowafikiria.

Mmoja ni wifi yangu, mja mzito, naye huishi kule kule Ahero. Gambia mwaka 2000 waligundua kwamba wajawazito huvuta mbu wa malaria karibu mara mbili ya wanawake wasio na mimba. Hupumua hewa nyingi zaidi, na tumbo lao lina joto kidogo zaidi. Na mimba ndiyo wakati ambao malaria huleta madhara makubwa, upungufu wa damu kwa mama na mtoto kuzaliwa na uzito mdogo. Kliniki ilimpa neti na humpa vidonge vya kukinga malaria kila ziara, anavimeza mbele ya muuguzi. Lakini neti iko kwenye begi bado. Chumba chake kina paa la mabati lisilo na dari na hajui pa kuifunga.

Mwingine ni mtoto yeyote anayecheza uwanjani bila homa. Utafiti uliotoka mwaka 2005, uliofanywa huku magharibi mwa Kenya, ulilinganisha watoto wasio na vimelea, watoto wenye vimelea vya kawaida, na watoto wenye vimelea vilivyofikia hatua ya kuchukuliwa na mbu. Hao wa mwisho walivuta mbu takriban mara mbili ya wenzao. Watoto walipotibiwa, tofauti hiyo ikatoweka. Nilisoma mara ya pili na ya tatu. Kimelea kinangoja kiwe tayari kusafirishwa, ndipo kinamfanya mtoto atoe harufu inayowavuta mbu. Na mtoto huyo huenda hajalazwa, hajalia, hakuna anayemshuku. Hapo ndipo maneno ya "anapendwa na mbu" yaliponibadilikia. Siku hizi nikisikia mtoto fulani ameanza kuumwa kuliko alivyozoea, simwambii mama yake habari za damu tamu. Namwambia ampeleke akapimwe tone la damu kidoleni.

Elimu hii ina matumizi pia. Kisiwani Rusinga, kilomita chache tu kutoka Mbita, mitego ilitundikwa nje ya nyumba, ikitoa harufu iliyotengenezwa ifanane na ya binadamu, na feni ndogo ya kuwanyonya mbu ndani. Umeme ulitoka kwenye paneli ya sola juu ya paa, na familia zikapata taa na mahali pa kuchajia simu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016: mbu wa Anopheles funestus, aina nyingine ya mbu wa malaria, walipungua kwa karibu asilimia 70, na malaria ilikuwa chini kwa karibu asilimia 30 mahali penye mitego. Ningetamani sana kuiona kwenye vijiji vya Kano, penye mpunga na mafuriko ya mto Nyando.

Kwa sasa tunafanya tunachoweza. Baba watoto amehamia upande wa ukutani ili mguu usipate pa kutokea, na ni yeye anayeingiza pindo la neti chini ya godoro. Mabeseni mabovu yaliyokusanya maji ya mvua nyuma ya nyumba tumeyageuza chini juu. Jumamosi tunakwenda Ahero. Nimenunua neti ya mviringo, inayoning'inia kwenye ndoano moja, na kipande cha waya cha kuifunga kwenye boriti la chumba cha wifi. Baba watoto ndiye atakayepanda ngazi.