Kisia kwanza, fungua baadaye: daftari langu la kazi, wiki ya 14

Mradi wenyewe ni mdogo. Kila ninapoitwa kazini, kabla sijashika bisibisi, naandika kwenye daftari ninachodhani ndicho kibovu. Nikimaliza naandika kilichokuwa kibovu kweli. Mstari mmoja juu, mstari mmoja chini.

Mimi ni fundi friji na viyoyozi. Nilisoma chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe, nina miaka tisa kazini, naishi Kigamboni, Dar es Salaam, na wateja wangu wengi wako ng'ambo ya maji: Upanga, Masaki, Kariakoo. Kilichonisukuma kuanza ni kijana niliyemfundisha kazi mimi mwenyewe. Mwaka jana niligundua amenipita kwa jambo moja: anakumbuka alipokosea. Mimi nilikuwa nakumbuka nilipopatia tu.

Wiki ya 1 hadi ya 3

Nilisahau kuandika karibu kila siku. Daftari liko chini ya begi, mteja amesimama mlangoni, jua la Januari linawaka, mkono unakwenda wenyewe kwenye skrubu. Nikalifunga daftari kwa mpira juu ya boksi la bisibisi, ili nisiweze kulifungua boksi bila kuligusa. Kalamu ya wino nikaiacha pia, maana jasho linafuta. Penseli inatosha.

Wiki ya 6

Jumamosi baada ya isha nilikaa barazani nikahesabu. Kazi za viyoyozi zilikuwa 22. Kati ya hizo, mara 14 nilikuwa nimeandika "gesi imepungua". Ikawa kweli mara 5.

Nilizisoma zile kurasa mara mbili. Zile 9 nyingine zilikuwa nini? Nyingi ni uchafu: mashine ya nje imeziba vumbi, au zile bati nyembamba za alumini zimeliwa na chumvi ya bahari, hasa nyumba za Msasani na Masaki, hewa haipiti. Mara tatu ilikuwa kapasita, kile kikopo cha umeme kinachoisaidia mota ya feni kuzunguka. Moja nilipoipima ilisoma pungufu sana kuliko ilivyoandikwa ubavuni. Feni inazunguka, lakini kwa uvivu, joto halitoki, na ndani mteja anasema hapoi. Ukisikia "hapoi" na ukawa na mtungi wa gesi kwenye pikipiki, akili inakimbilia mtungi.

Na nilijilazimisha kuandika sababu nyingine pia: kujaza gesi ni kazi inayolipa haraka. Mteja wa Dar ameshazoea kuambiwa gesi imeisha, hata habishani. Lakini gesi ya kiyoyozi haiishi kama mkaa. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, inachemka upande mmoja na kurudi kuwa majimaji upande mwingine, mwaka baada ya mwaka. Ikipungua, kuna mahali inatokea. Hilo nilifundishwa darasani, nikalijibu kwenye mtihani, kisha nikalisahau mtaani.

Wiki ya 8

Hii ndiyo wiki iliyonifanya niamini daftari. Mama mmoja wa Upanga, mteja wangu wa siku nyingi, alinipigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ile gesi yako imeisha tena."

Yako. Neno hilo lilinikaa. Mwaka jana nilimjazia mara mbili, na mara zote mbili alinilipa na kunipa juisi ya ukwaju. Nikaandika kisio langu: "Inavuja, nati ya nyuma ya mashine ya nje." Sikufungua mtungi. Nilipaka povu la sabuni kwenye maungio yote, na kwenye nati ileile povu likaanza kuvimba polepole. Chini yake palikuwa na doa la mafuta lenye vumbi. Doa la siku nyingi. Mwaka jana nilipita hapohapo nikiwa na geji ya kupimia presha mkononi.

Nilikata ncha ya bomba, nikautanua mdomo upya, nikakaza, nikaweka nitrojeni ya kujaribu kama bado panavuja, nikaiacha nusu saa nikiitazama geji. Haikushuka. Nikavuta hewa na unyevu kwa pampu, ndipo nikajaza gesi kwa kupima uzito. Nilipomaliza nilimweleza mama kwamba kazi hii ilitakiwa kufanyika mwaka jana, na kwamba leo atalipa gesi tu, ufundi hapana. Alinyamaza kidogo, akaniuliza, "Kwa hiyo zile mara mbili?" Nikamwambia, "Nilikosea, mama. Nilijaza bila kutafuta." Akasema asante kwa kusema. Juisi alinipa. Nilirudi Kivukoni kwa miguu, sikutaka kupanda chochote.

Wiki ya 9 hadi ya 13

Tabia ya pili imeshika bila shida: kurasa nne za kusoma kila asubuhi nikisubiri pantoni. Kuvuka kwenyewe ni dakika chache, kusubiri ndiko kurefu, na zamani muda huo wote ulikwenda kwenye simu. Nasoma maelekezo ya watengenezaji, maneno magumu nayaandika nyuma ya daftari kwa Kiswahili changu.

Nimepata nini? R410A, aina moja ya gesi ya viyoyozi, ni mchanganyiko wa gesi mbili, nusu R32 na nusu R125 kwa uzito, kwa hiyo inajazwa ikiwa majimaji, mchanganyiko usibadilike. Wenzangu wengi bado wanaijaza ikiwa mvuke, kama R22, gesi ya zamani isiyo mchanganyiko. Na R22 yenyewe inaondoka: Itifaki ya Montreal ya 1987 inaipunguza hatua kwa hatua kwa sababu inaharibu tabaka la ozoni, na kwa nchi kama yetu mwaka wa kuiacha ni 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha matengenezo. Gesi zinazokuja badala yake zinashika moto. R32 kidogo, R600a iliyomo kwenye friji nyingi mpya inawaka sawasawa. Fundi anayewasha moto wa kuchomelea bomba bila kuuliza ndani kuna nini ataumia, na ninawapenda sana vijana wa gereji yetu kiasi cha kulisema hili kila Jumatatu hata wakichoka kunisikia.

Hesabu ya wiki ya 7 hadi ya 13: kazi 27 za viyoyozi, nimekisia gesi mara 6, kweli mara 5.

Akiba ya pampu mpya ya kuvuta hewa: elfu kumi kila Jumamosi, nimekosa wiki mbili.

Wiki ya 14

Jana dogo ninayefanya naye kazi alikuja na daftari lake. Sikumwambia alinunue. Tuliitwa na duka moja Kariakoo, friji la vinywaji linanguruma lakini soda ni za moto. Tulifika mwenye duka anafunga, akatuomba turudi kesho. Tukasimama palepale nje, kila mtu akaandika lake bila kumwonyesha mwenzake, kisha tukabadilishana.

Mimi nimeandika: "Koili ya nyuma imeziba vumbi."

Yeye: "Feni ya ndani haizunguki. Nimesikia kompresa tu, feni sijaisikia."

Feni sikuisikiliza. Tunafungua leo saa tatu asubuhi.