Watano studio, jina moja kwenye lebo

Juzi mazoezini dogo anayetupigia solo akaanza kuchezea zile noti za mwanzo za House of the Rising Sun, kila anayejifunza gitaa lazima apitie pale, nikamuuliza unajua ni ya nani hiyo, akasema ya YouTube. Daah. Nikaanza kumpa stori ya The Animals, bendi iliyoupaisha wimbo huo, na kila nikiisimulia hasira zinanipanda upya.

Hawa walikuwa vijana wa Newcastle, kaskazini mashariki mwa Uingereza, mji wa makaa ya mawe na viwanda vya meli, na mpiga besi wao Chas Chandler alishafanya kazi kwenye viwanda hivyohivyo. Bendi ilianza ikiwa ya mpiga kinanda, Alan Price, halafu akaingia Eric Burdon kuimba, kijana mdogo wa Kizungu lakini ukifumba macho utasema mzee wa Mississippi. Club A'Gogo ndo ilikuwa maskani yao, wanapiga kopi za Wamarekani weusi, kina John Lee Hooker na Ray Charles, na Desemba 1963 Sonny Boy Williamson mwenyewe akapita Newcastle wakampigia nyuma yake. Fikiria kila wikiendi unaiga miziki ya hawa wazee halafu siku moja mmoja wao kasimama pembeni yako na harmonika mdomoni!

1964 wakahamia London. Mei wakawa kwenye ziara na Chuck Berry, sasa kushindana na Berry kwa rock and roll si ni kujitafutia aibu, wakachagua House of the Rising Sun, wimbo wa polepole, wa zamani, wa asili ya Marekani, mtunzi hajulikani. Watu wakaupokea vizuri mno, tarehe 18 Mei wakaingia studio na prodyuza Mickie Most wakaumaliza chapchap, una kama dakika nne na nusu wakati nyimbo za redioni zilikuwa zinaishia tatu hivi. Julai namba moja Uingereza, Septemba namba moja Marekani.

Sasa sikia. Wimbo wa asili hauna mwenyewe, kwa hiyo anayeandikwa kuwa kaupanga ndo anakula mrabaha, na kwenye lebo ya santuri likaandikwa jina moja tu, Alan Price. Wenzake wanasema waliambiwa majina matano hayataenea. Hayataenea! Mimi napiga besi bendi za harusi, ugomvi wa hela naujua vizuri, ila wetu unaishia kwenye posho ya usiku mmoja, huu ni wa maisha. Na kile kinanda ni kikali, simnyimi Price haki yake, lakini toa gitaa la Hilton Valentine pale mwanzo, toa dramu za John Steel, uone unabaki na nini.

1965 Price akatoka, 1966 kundi lile la mwanzo likasambaratika. Mwaka huohuo Chandler akamwona kijana mmoja anapiga gitaa kwenye klabu ya New York, akambeba mpaka London akawa meneja wake, na kijana mwenyewe ndo Jimi Hendrix. Baadaye akaisimamia bendi ya Slade nayo ikawika. Kwa wapiga besi wote huyu ndo mtakatifu wetu.

Kinachonishinda ni 1983, wote watano walirudi, wakatoa albamu, wakafanya ziara, na kwenye kinanda kakaa Price yuleyule. Mimi ningekuwa Valentine ningekuwa kwenye hiyo ziara kweli? Labda, kama malipo yangetoka kabla hatujapanda jukwaani.